Kuigeuza shule ya msingi ya serikali imtangulize mtoto: mwongozo kamili kwa kamati ya shule, walimu wakuu na wazazi

Ukitaka kujua shule inamtumikia nani, ingia darasa la saba, halafu uvuke uwanja uingie la kwanza. Katika shule niliyokuwa mwenyekiti wa kamati yake, huku Kanda ya Ziwa, la saba hawakufika 50. Walikuwa na madawati, chumba chenye sakafu na madirisha, na walimu waliosifika kuliko wote. La kwanza walipita 150 katika chumba kimoja, wengi wamekaa chini, na mwalimu wao mmoja alikuwa anahesabu miezi ya kustaafu. Kiwango cha serikali ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45.

Hakuna aliyekaa akapanga watoto wadogo waonewe. Shule hujipanga kufuata kile inachoulizwa, na mwalimu mkuu huulizwa matokeo ya la saba. Mtoto wa miaka sita asiyejua kutofautisha *ba* na *da* hana wa kumuulizia mpaka siku atakapofika la saba, na siku hiyo huambiwa ni mzito.

Haya ninayoandika ni namna ya kuupindua mpangilio huo kwa mamlaka na fedha ambazo shule ya serikali ya Tanzania Bara tayari inazo. Usisubiri mradi. Mradi ukija, utakukuta umeshaanza.

Kwanza, jua mipaka yako

Kamati ya shule inatambuliwa na Sheria ya Elimu ya mwaka 1978. Mwenyekiti ni mzazi, katibu ni mwalimu mkuu. Kamati inajadili na kupitisha mpango wa maendeleo ya shule, inapitisha bajeti na kuangalia matumizi. Haiajiri mwalimu, haimhamishi wala haimwadhibu. Hayo yako halmashauri, TAMISEMI (ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa) na Tume ya Utumishi wa Walimu.

Sisi tulianza vibaya. Barua yetu ya kwanza ilikuwa ya kumlalamikia mwalimu mmoja mtoro. Barua ilizunguka, ikarudi mezani kwa mwalimu mkuu, na kwa karibu mwaka mzima walimu walitunyamazia kwenye vikao. Mwalimu akishakuona wewe ni askari, hakuambii tena kwa nini kipindi cha nne hakifundishwi. Kwa hiyo mtu wa kwanza kukaa naye ni mwalimu mkuu, wa pili ni afisa elimu kata, na mazungumzo yaanze na watoto kabla ya kumgusa mtu yeyote.

Hatua ya 1: Kaa shuleni siku nzima, mara tatu

Wajumbe wawili wawili, siku tatu tofauti, tangu namba ya asubuhi hadi kengele ya mwisho. Msitangaze ukaguzi. Kaeni nyuma ya darasa moja tu na daftari, mwandike dakika ambazo mwalimu yupo na anafundisha. Utafiti wa Benki ya Dunia wa mwaka 2010 katika shule za msingi za Tanzania ulikuta watoto wanafundishwa takribani saa 2 kwa siku kati ya saa 5 zilizopangwa. Sehemu kubwa ya walimu waliokosekana darasani walikuwa shuleni siku hiyo hiyo: wako ofisini, chini ya mti, kwenye simu, au wanajaza fomu iliyotakiwa halmashauri jana.

Moja ya siku hizo tatu iwe siku ya mnada. Fungueni rejista za mahudhurio za miezi miwili iliyopita na kuhesabu siku kwa siku. Kwetu siku ya mnada madarasa yalipungua kama gunia lililotobolewa, na msimu wa kuchuma pamba ndiyo usiseme. Hilo si kosa la mwalimu, na hakuna mwalimu awezaye kulitibu. Ni la mkutano wa kijiji. Ila kabla ya rejista hizo kufunguliwa, kila mtu shuleni alikuwa akilijua na hakuna aliyekuwa amelisema kwa namba.

Zungumzeni na watoto pia, lakini bila mwalimu kando na bila kumtenga mtoto mmoja peke yake. Nilimuuliza binti mmoja wa la tano, "Mwanangu, ukibanwa haja unakwenda wapi?" Akaangalia chini. "Narudi nyumbani, mama. Kule hakuna mlango." Nyumbani kwao ni mwendo wa nusu saa.

Hatua ya 2: Mpime kila mtoto kusoma, mmoja mmoja

Hatua hii ndiyo moyo wa kazi yote, nami nitakaa hapa zaidi. Mtihani wa maandishi hauonyeshi nani hajui kusoma. Asiyejua hunakili, hubahatisha, au huacha wazi, na sifuri yake hufanana na sifuri ya aliyekuwa mgonjwa. Mtoto asome kwa sauti, mbele ya mtu mzima mmoja mpole.

Njia hii ilianzishwa na shirika la Pratham la India, na mpango wa Uwezo ukaitumia Kenya, Uganda na Tanzania kupima watoto majumbani. Inahitaji karatasi moja. Upande wa juu andika silabi kumi, chini yake maneno kumi mafupi, kisha sentensi mbili, kisha hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili. Yetu ilikuwa hii:

*Asha ana mbuzi watatu. Kila asubuhi anawapeleka malishoni. Jana mvua ilinyesha, mbuzi mmoja akapotea. Asha alimtafuta hadi jioni. Alimkuta amelala chini ya mwembe.*

Kisha maswali mawili: mbuzi alikutwa wapi? Kwa nini Asha alichelewa kurudi nyumbani? La kwanza limo kwenye maandishi, la pili mtoto alifikirie jibu mwenyewe. Utashangaa ni wangapi wanaosoma kama maji na wasijue wamesoma nini.

Anza na silabi. Akiweza nyingi, mpandishe kwenye maneno. Akikwama, simama, mshukuru, andika ngazi aliyofika: hajaanza, silabi, maneno, sentensi, hadithi. Hakuna alama, hakuna nafasi ya ngapi. Majina yasibandikwe ukutani kamwe. Mtoto atakayeitwa "wa silabi" na wenzake hatafika ngazi ya pili.

Muda? Mtoto mmoja ni kama dakika 5. Watoto 240 wa la tatu hadi la tano ni dakika 1,200, yaani saa 20. Wapimaji sita wanamaliza kwa saa tatu na kidogo, asubuhi moja. Wapimaji wawe walimu pamoja na vijana wa kijijini waliomaliza kidato cha nne, kwa ridhaa ya mwalimu mkuu na afisa elimu kata. Mwalimu asipime darasa lake mwenyewe. Sababu si kutomwamini. Ni kwamba atamsaidia mtoto bila kujijua.

Pimeni na la saba. Mkutano wa wazazi uliokuwa kimya kuliko yote niliyowahi kuendesha ni ule tuliosema ni watoto wangapi wa la saba walikwama kwenye sentensi. Mtu aliyekuwa amejiandaa kupinga mabadiliko ya madarasa alikaa chini.

Hatua ya 3: Gawa upya walimu, vyumba na saa

Hapa hakuna hela inayohitajika. Kinachohitajika ni ujasiri wa mwalimu mkuu, na kamati isimame nyuma yake wazi wazi, kwa maandishi, ili matokeo ya la saba yakitetereka mwaka mmoja asiwajibishwe peke yake.

Mwalimu hodari kuliko wote aende la kwanza au la pili. Si mwalimu aliyechoka, wala aliyepewa kama adhabu, wala mgeni ambaye bado anatafuta nyumba. Kufundisha mtoto kusoma ni ufundi, na asiye na ufundi huo hufundisha nyimbo za silabi: darasa zima linaimba *ba be bi bo bu* kwa mpangilio, na ukigusa *bo* peke yake hakuna anayeijua. Shule ikiwa na mwalimu aliyepata mafunzo ya KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, yaliyoenea baada ya mtaala wa la kwanza na la pili kubadilishwa mwaka 2015, jina lake lisionekane kwenye ratiba ya la saba.

La kwanza likizidi 90, ligawe mikondo. Chumba kitatoka wapi? Zunguka na ufunguo. Karibu kila shule ina stoo yenye madawati mabovu na simenti iliyoganda, au ofisi ya pili ambayo ni ya kuwekea jezi. Sisi tuliisafisha stoo, la saba wakahamia humo, mkondo wa pili wa la kwanza ukapata chumba cha la saba. Wavulana wa la saba walinuna wiki moja.

Saa mbili za kwanza za asubuhi ziwe za kusoma kwa la kwanza na la pili. Usafi, paredi ndefu na matangazo visile muda huo. Mtoto mdogo ana nguvu asubuhi. Saa sita mchana anasinzia, na njaa inamalizia.

Kwa la tatu hadi la tano, tenga saa moja kila siku ambapo madarasa yanavunjwa na watoto wanakaa kwa ngazi walizopimwa. Wa la tano anayejifunza silabi akae na wa la tatu anayejifunza silabi. Kundi la silabi litumie kadi zilizokatwa kwenye maboksi ya sabuni, wachanganye *ma*, *ji*, *ko* na *ni* mpaka wapate *maji* na *jiko*, huku mwalimu akikaa kando. Kundi la maneno liandike chini kwa kijiti, lisome, lifute. Kundi la sentensi wasome wawili wawili kwa sauti, kisha mmoja amsimulie mwenzake alichosoma bila kuangalia. Kila baada ya wiki sita, pima tena na uhamishe watoto. Hapo ndipo utakapoona furaha ya shule: mtoto anayehama kundi hupita akiwapungia mkono wenzake kama anakwenda Mwanza.

Kitu kimoja ambacho wageni wa elimu husahau. Mtoto wa kwetu anafika la kwanza akijua Kisukuma. Anaonyeshwa picha ya mnyama ambaye nyumbani anaitwa *mbuli*, anatakiwa asome *mbuzi*, na ananyamaza. Tunamwita bubu. Lugha ya kufundishia ni Kiswahili na ibaki hivyo, lakini wiki za mwanzo mwalimu asiyejua lugha ya mtoto awe na mama wa kijijini wa kumsaidia. Hadithi isimuliwe kwanza, picha zizungumzwe kwanza, maneno yawe mdomoni kabla hayajawa ubaoni.

Kuhusu walimu kutoingia darasani, fuateni sababu. Tulipouliza kwa heshima tuligundua wawili walikuwa wanakwenda halmashauri kila mwezi kufuatilia madai yao, siku nzima kwa nauli yao. Kamati ilimwomba afisa elimu kata akusanye nyaraka za wote na kuzipeleka kwa safari moja. Walimu wakae pia katika jumuiya za ujifunzaji chini ya MEWAKA (mafunzo endelevu ya walimu kazini) kila wiki, na mada isitoke mbali: nani amekwama kwenye silabi, na wewe ulimtoaje?

Hatua ya 4: Choo, maji na uji

Kiwango ni tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Shule ya watoto 620, nusu kwa nusu, inahitaji matundu 16 ya wasichana na 13 ya wavulana. Ukiwa na sita jumla, usianze na ndoto ya 29. Anza na milango na komeo kwenye yaliyopo, ndoo ya kunawia yenye bomba, na chumba kimoja cha wasichana kujisitiri chenye maji, ndoo ya taka na pedi za dharura zilizo mikononi mwa mwalimu wa kike. Komeo la ndani ni bei ya soda chache, na kwa binti wa la tano ndilo tofauti ya kubaki shuleni au kurudi nyumbani.

Uji unatisha watu kwa sababu wanaupigia hesabu shule nzima. Anza na awali, la kwanza na la pili. Chukulia ni watoto 300. Gramu 50 za unga kwa mtoto ni kilo 15 kwa siku. Mwaka wa masomo una siku 194, kwa hiyo ni kilo 2,910, gunia kama 29. Gawanya kwa watoto: haifiki kilo 10 kwa mtoto kwa mwaka mzima, yaani karibu nusu debe la mahindi. Ukilisema hivyo mkutanoni, wakati wa mavuno, "nusu debe kwa kila mwenye mtoto mdogo", watu wanaelewa. Ukisema "mchango wa chakula" bila hesabu, watu wanatafuta mlango.

Ongeza kuni, sukari au karanga, na mpishi. Mkutano wa wazazi ukubali, muhtasari uandikwe, halmashauri ijulishwe, na mahindi yapokelewe na wazazi wenyewe kwa daftari. Mwalimu asiguse. Na asiyeleta nusu debe, mtoto wake anakunywa uji kama wengine. Hili tulilibishania jioni mbili. Tangu Januari 2016 ada na michango ya lazima imeondolewa, na mtoto hafukuzwi wala kunyimwa kwa deni la mzazi.

Hatua ya 5: Fimbo

Wengi hawajui kanuni inasema nini. Kwa kanuni za mwaka 2002, anayeruhusiwa kuchapa ni mwalimu mkuu, au mwalimu aliyempa ruhusa kwa maandishi. Viboko visizidi vinne. Msichana achapwe na mwalimu wa kike, isipokuwa shule haina. Kila adhabu iandikwe kwenye daftari pamoja na sababu.

Kamati iombe kuliona daftari hilo kila muhula. Sisi tulikuta ni jipya, halijaandikwa mstari, na fimbo iko juu ya kila meza. Hatukugombana. Tulimwomba mwalimu mkuu kila kiboko kiandikwe kama kanuni inavyotaka, na kazi ya kuandika peke yake ikapunguza viboko. Kosa moja tuliomba lifutwe kabisa kwenye orodha: kukosa jibu. Mtoto anayechapwa kwa kushindwa kusoma hujifunza haraka sana kutofungua mdomo, na ukimya wake ndio uliotufanya tusijue hajui.

Hatua ya 6: Fedha ziwe ubaoni

Ruzuku ya uendeshaji shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka: 6,000 zinaingia akaunti ya shule na 4,000 zinabaki kwa ajili ya vitabu. Shule ya watoto 620 ni 3,720,000 kwa mwaka, wastani wa 310,000 kwa mwezi. Hiyo ndiyo chaki, karatasi za mitihani, umeme, ukarabati na michezo. Ukishaiona hesabu hiyo, utaacha kumshuku mwalimu mkuu kwamba anajenga kwa ruzuku.

Hata hivyo ziandikwe. Ubao wa matangazo, mahali mzazi anapofika bila kuomba ruhusa ofisini: kilichoingia, tarehe, kilichotoka, kilichobaki. Kabla ya kupitisha kila tumizi kubwa, mjumbe mmoja apewe kazi ya kuuliza swali lile lile kila kikao: mtoto wa la kwanza ataliona hili lini? Rangi ya geti haikupita kwetu miaka miwili mfululizo.

Vitabu vihesabiwe vikiwa mikononi mwa watoto. Kwenye kabati ya ofisi vitakuwa vingi daima, vipya, vyenye harufu ya kiwandani. Mwalimu huvificha kwa kuogopa kudaiwa vikichanika. Kamati iandike barua fupi kwamba kitabu kilichochakaa kwa kusomwa hakidaiwi kwa mwalimu. Kenya, katika mpango wa Tusome ulioanza 2015, kila mtoto wa madarasa ya mwanzo alipewa kitabu chake, na walimu wakatembelewa darasani na maofisa wa kuwasaidia badala ya kuwakagua. Hatuna hiyo. Lakini vitabu 40 vikitoka kabatini leo, watoto 40 wanasoma leo.

Hatua ya 7: Walio nje ya rejista

Balozi wa kila shina aandike watoto wa umri wa shule wasiosoma: wachunga ng'ombe, wenye ulemavu waliofichwa, mabinti waliojifungua. Waliovuka umri waingie darasa la MEMKWA, yaani mpango wa elimu ya msingi kwa watoto walioikosa. Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka 2021 unawaruhusu waliokatisha masomo, wakiwemo waliopata ujauzito, kurudi shuleni. Mwalimu mkuu akisita, mpelekee nakala. Mtoto asiyesikia au asiyeona vizuri akae mbele kabla hata ya kutafutiwa kitengo maalumu, maana kusogeza dawati hakusubiri kibali.

Mwaka wa kwanza utaendaje

Januari na Februari ni za kukaa darasani na kupima. Machi, kikao cha kugawa upya walimu na vyumba, kisha mkutano wa wazazi. Juni, wakati wa mavuno, nusu debe. Kila wiki ya sita, kupima tena. Oktoba, kabla mwalimu mkuu hajaandaa bajeti ya mwakani, keti naye na karatasi za ngazi za watoto, msome pamoja jina kwa jina wale ambao bado wako kwenye silabi, na muandike pembeni ya kila jina nani atakaa naye Januari.

Mwalimu mkuu akihamishwa katikati, na huhamishwa, faili lenye karatasi hizo libaki kwa mwenyekiti, nakala moja kwa afisa elimu kata. Mkuu mpya akiripoti, mkaribisheni chai, kisha mpelekeni la kwanza kabla hajaingia ofisini.